Pembetatu imegoma? Dalili, chanzo na namna ya kurekebisha (na maumbo mengine ya pande nyingi)

Muda sasa nasaidia watu hesabu za maumbo, wanafunzi, wazazi wao (wazazi ndo wengi usiku, mtoto ashalala wao wanahangaika na homework), na siku hizi mpaka mafundi, na maswali yanajirudia kiasi kwamba picha ya daftari haijafunguka vizuri nishajua tatizo ni lipi. Kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza maana ndo inayonasa watu wengi, ukiona sio hiyo shuka ya pili. Usirukie ya mwisho eti kwa sababu inasikika ya kitaalamu.

Kabla ya yote, kitu kimoja ambacho kingepunguza nusu ya meseji ninazopata: mchoro uliopo kwenye swali sio kipimo. Umechorwa ukusaidie kufikiri tu, usiuwekee rula kama hujaambiwa upime. Soma alama. Vijistari vidogo vinavyokata upande maana yake pande zenye idadi sawa ya vijistari zinalingana, kimraba kidogo kwenye kona ni nyuzi 90, vimshale katikati ya mistari maana yake mistari hiyo ni sambamba. Kama hakuna alama na hakuna maandishi, hujui, hata kama jicho linakuapia.

DALILI YA 1: Nimepima pembe tatu, jumla haiji 180

Kwanza sema imekosea kwa kiasi gani. Ukipata 178 au 182 huna tatizo lolote, kila usomaji wa protrakta unaweza kuteleza nyuzi moja hivi, na umesoma mara tatu. Tatizo ni pale mtu anakuja na 220, au 260, au 120.

Sababu namba moja, na inaziacha nyingine mbali sana, ni kusoma safu ya namba isiyo yake. Protrakta ina safu mbili, moja inaanza 0 kulia nyingine inaanza 0 kushoto, sasa mtu anaweka mstari wake kwenye 0 ya kulia afu anasoma namba za safu ya kushoto, pembe ya 50 inakuwa 130. Check yake ni rahisi, kabla hujasoma namba angalia pembe yenyewe: imebana kuliko kona ya daftari au imefunguka zaidi? Kama imebana basi jibu lazima liwe chini ya 90, kwisha.

Kama ushapima zote na hujui ipi ndo mharibifu, fanya hivi: chukua 360, toa jumla uliyopata, gawa kwa 2. Mfano umepata 130, 60 na 70, jumla 260. 360 toa 260 ni 100, nusu yake 50. Sasa angalia kwenye namba zako kama kuna inayoungana na 50 kufika 180. Ipo, ni ile 130, hiyo ndo ulisoma kinyume na pembe halisi ni 50. Inafanya kazi hata upande wa pili: umepata 60, 35 na 25, jumla 120, 360 toa 120 ni 240, nusu ni 120, na 120 na 60 ni 180, kwa hiyo ile uliyoita 60 kumbe ni butu (yaani imezidi 90) ya 120. Ila inakubali tu kama umekosea pembe moja, ukikosea mbili rudi ukapime upya.

Sababu ya pili, protrakta imekaa vibaya. Wengi wanalaza ukingo wa chini wa plastiki juu ya mstari, wakati kwenye protrakta nyingi mstari wa sifuri uko juu kidogo ya ukingo. Kile kijialama cha katikati ndo kikae juu ya kona, sio karibu na kona.

Ya tatu, pande ni fupi hazifiki kwenye namba kwa hiyo unakadiria hewani. Zirefushe kwa penseli, kurefusha mstari hakuongezi pembe hata kidogo (naulizwa hili kila wiki). Ya nne ndo mistari minene au rula iliyolika, hii mara chache.

Kama bado huamini kwamba 180 ni sheria, kata pembetatu yoyote kwenye karatasi, chana kona zake tatu, zipange kona zikigusana kwenye nukta moja. Zitalala kwenye mstari ulionyooka. Uthibitisho wa kweli ni kuchora mstari unaopita kipeo cha juu ukiwa sambamba na kitako, zile pembe mbili za chini zinajirudia huku juu kushoto na kulia, na pamoja na ya juu zinajaza mstari mmoja.

Simama hapa kama pembetatu yako haiko juu ya kitu bapa. Chukua tufe la dunia, shuka toka ncha ya kaskazini mpaka ikweta, tembea robo ya ikweta, panda tena mpaka nchani: kona zote tatu ni nyuzi 90, jumla 270, na protrakta yako haina ubovu wowote. 180 ni ya uso bapa. Kwa daftari na uwanja wa mpira hutaona tofauti, ila kama unapima maeneo ya mamia ya kilomita hiyo ni kazi ya watu wa ramani na upimaji, usiipigie hesabu ya darasani.

DALILI YA 2: Pande hazifungi, pembetatu inabaki wazi

Mtu anapewa 3, 4 na 9 achore, anazungusha bikari mpaka karatasi inatoboka, arki (vile vipande vya duara) hazikutani. Anadhani mkono wake mbaya.

Sababu ya kwanza: pembetatu hiyo haipo. Jumlisha pande mbili fupi, kama hazizidi ule mrefu, hakuna pembetatu. 3 na 4 ni 7, 9 ni mbali. Na angalia neno "zizidi", sio zilingane: 3, 5 na 8 zinalala chali kwenye mstari mmoja, hazina tumbo. Huna haja ya kujaribu michanganyiko yote mitatu, pande mbili fupi dhidi ya mrefu inatosha. Na ukipewa pande mbili ukaulizwa wa tatu unaweza kuwa ngapi, uko kati ya tofauti yao na jumla yao, 7 na 10 zinakupa kitu kinachozidi 3 na kisichofika 17.

Sababu ya pili ni vipimo vimechanganyika, upande mmoja sentimita mwingine milimita au inchi. Ya tatu, umeanza kupima toka ncha ya rula badala ya toka sifuri. Ya nne, bikari imelegea inafunguka yenyewe wakati unazungusha; ukishachora arki irudishe kwenye rula uone kama bado ni kipimo kile kile.

DALILI YA 3: Mimi na mwenzangu tumepewa vipimo vile vile, tumechora pembetatu tofauti

Hii naipenda. Watu wanatukanana bure na wote wako sahihi.

Check ya kwanza, mlipewa nini? Kama ni pembe tatu bila upande wowote, basi mnaweza kuchora za kutosha kujaza daftari, zinafanana sura ila ukubwa tofauti, pembe peke yake hazijui ukubwa. Hilo ndo la kawaida zaidi.

La pili ndo lenye utamu: pande mbili na pembe moja, lakini pembe sio ile iliyo katikati ya hizo pande. Mfano kona A ni nyuzi 30, AB ni 10, BC ni 6. Toka B kushuka wima mpaka mstari wa chini ni 5, BC ni 6, yaani ni mrefu kuliko 5 na mfupi kuliko 10, kwa hiyo unaweza kubembea ukatua sehemu mbili: AC inakuwa kama 5.3 au kama 12. Zote halali. BC ingekuwa 5 kamili ungepata moja tu, tena yenye pembe mraba (nyuzi 90). Ingekuwa 4 haifiki chini kabisa, hakuna pembetatu. Ingekuwa 10 kwenda juu, moja tu.

Vipimo vinavyofunga mjadala ni hivi: pande tatu, au pande mbili na pembe iliyo katikati yao, au pembe mbili na upande mmoja (ukisema ni upande upi). Pembe mraba ni ya pekee, ukijua upande ulio mkabala nayo na upande mwingine mmoja, imetosha.

DALILI YA 4: Sijui niite pembetatu gani, majibu yanagongana

Sababu kubwa: unatafuta jina moja. Pembetatu ina majina mawili kama mtu na jina la baba yake. Jina la kwanza linatoka kwenye pande: pembetatu sawa kama zote tatu zinalingana, pembetatu pacha kama mbili, guni kama hakuna zinazolingana. La pili linatoka kwenye pembe: ya pembe kali kama zote ziko chini ya 90, pembetatu mraba kama moja ni 90, ya pembe butu kama moja imezidi 90. Butu mbili haziwezi kukaa nyumba moja, ukijumlisha tu ushapita 180. Kwa hiyo aliyesema "pacha" na aliyesema "mraba" wanaweza kuwa wanaongelea pembetatu moja, ile ya 45, 45 na 90. Michanganyiko ingekuwa tisa lakini iko saba, maana pembetatu sawa ina 60 kila kona, haiwezi kuwa mraba wala butu.

Sababu ya pili ni kuamini jicho. Mimi mwenyewe niliwahi kumjibu mtu haraka haraka "hiyo ni pembetatu mraba", pande zake zilikuwa 6, 8 na 9.9, nimeona tu 6 na 8 nikajua yaliyobaki. Aibu. Ile pembe ni kama 88.8, jicho la mtu haliwezi kuiona tofauti na 90. Kipimo chake ni mraba wa kila upande (upande mara wenyewe): jumlisha miraba ya pande mbili fupi linganisha na mraba wa mrefu. Zikilingana ni pembetatu mraba, kama 5, 12, 13 (25 na 144 ni 169). Jumla ikizidi, zote ni kali: 6, 7, 9 inakupa 85 dhidi ya 81. Jumla ikipungua, kuna butu: 4, 5, 7 inakupa 41 dhidi ya 49. Kanuni ya Pythagoras wote wanaikumbuka ile sehemu ya kulingana, hizi mbili za kuzidi na kupungua ndo zinasahaulika na ndo zenye kazi.

Sababu ya tatu, upacha uliojificha. Unapewa pembe 70 na 40, mchoro umepinda makusudi, unaandika guni. Tafuta ya tatu kwanza: 70. Pembe mbili zinalingana basi pande zinazozitazama nazo zinalingana. Na tukiwa hapo hapo, swali la "pembetatu pacha ina pembe moja ya 50, taja zingine" lina majibu mawili, 50 na 80, au 65 na 65. Ukiandika moja umekosa nusu. Ingekuwa 100 lingebaki jibu moja, 40 na 40, kwa sababu 100 mbili haziingii.

Ya mwisho, na hii sio kosa lako: je pembetatu sawa ni pacha pia? Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki kama miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika pacha ni ile yenye pande mbili tu zinazolingana. Siku hizi wanahisabati wengi wanasema "angalau mbili", kwa hiyo pembetatu sawa inaingia. Angalia kitabu unachotumia kimefafanuaje, ukifuate. Kama mtihani hausemi, mwulize mwalimu, usibishane na mimi.

DALILI YA 5: Nimeandika "mraba sio mstatili" nimewekewa X

Mwalimu yuko sahihi. Mstatili ni pembenne yenye pembe nne za 90. Mraba unazo. Umekwisha, ni mstatili, ila wenye ziada ya pande sawa. Shida ni kwamba tumefundishwa kwa picha, hii picha ndefu inaitwa mstatili ile ya kibox inaitwa mraba, kwa hiyo kichwani yamekaa kama majirani wakati mmoja uko ndani ya mwingine. Msambamba ni yoyote yenye jozi mbili za pande sambamba. Ndani yake kuna mstatili (pembe zote 90) na rombasi (pande zote sawa), na pale mstatili na rombasi zinapokutana ndo mraba. Ukiuzungusha mraba ukasimama kwa kona haugeuki kuwa "almasi", bado ni mraba, umbo halijui karatasi imeshikwaje.

Trapeza ina ugomvi kama wa pacha: wengine wanataka jozi moja tu ya pande sambamba, wengine angalau moja. Na ukisoma vitabu vya Marekani na vya Uingereza jina lenyewe limebadilishana maana, kwa hiyo soma ufafanuzi usisome jina.

Sasa upande wa vitendo, maana hapa ndo mafundi wanaponipata. Dalili: "nimekata mbao nne sawa kabisa lakini fremu haikai mraba". Mbao nne sawa zinakupa rombasi, sio mraba, na rombasi inaweza kulala upande wowote inavyotaka. Pima kona kwa kona. Pande zinazotazamana zikilingana na mistari miwili ya kona kwa kona ikalingana, kona zote ni 90. Fremu ya 6 kwa 8 lazima ikupe 10 na 10. Ikija 10.2 na 9.8, imelala, sukuma kwa upande wa ule mstari mrefu wa kona kwa kona mpaka zilingane. Usitegemee mistari ya kona kwa kona peke yake ukaacha kupima pande, kuna trapeza yenye miguu sawa ambayo nayo mistari yake inalingana na haina pembe mraba hata moja.

Kwa faida ya watu wa mtihani: msambamba, mistari ya kona kwa kona inakatana nusu kwa nusu. Mstatili, inakatana nusu na inalingana. Rombasi, inakatana nusu na kwa nyuzi 90. Mraba, yote hayo. Tiara (umbo la kishada), inakatana kwa 90 lakini mmoja tu ndo unakatwa nusu.

Fremu ikiwa mraba leo kesho imelala tena, hujakosea kupima, ni kwamba pembenne ikishikwa kwa msumari mmoja mmoja konani haina ukaidi. Pembetatu ndo haikunjiki, pande tatu zikifungwa pembe zake haziwezi kubadilika bila kitu kuvunjika. Gonga mbao moja kona kwa kona umetengeneza pembetatu mbili, imetulia. Umbo la pande tano linataka mbao mbili, la sita linataka tatu, yaani idadi ya pande toa 3.

Simama uite mtaalamu kama kitu kilicholala ni nguzo, paa au msingi ulioshamwagwa zege. Hapo usisukume, usikate, usiongeze mbao kwa kubahatisha. Mita ya kupimia itakuonyesha kwamba kona sio 90, haitakuonyesha kwa nini jengo limehama, hiyo ni kazi ya mhandisi.

DALILI YA 6: Jumla ya pembe za poligoni (umbo la pande nyingi zilizonyooka) imekuja kubwa mno

Pembesita, mtu anapata 1080 badala ya 720. Nikiona tu 360 imezidi najua: umeweka nukta katikati, ukagawa pembetatu sita, 6 mara 180, umesahau kwamba pembe zinazoizunguka ile nukta sio za poligoni. Toa 360. Au usiweke nukta, simama kwenye kona moja uvute mistari kwenda kona zingine zote, utapata pembetatu pungufu mbili ya idadi ya pande, yaani pande sita pembetatu nne, 4 mara 180 ni 720. Pembetano 540, pembenane 1080.

Ikiwa haijazidi kwa 360 kamili, basi labda umehesabu kona vibaya, na kosa lake lina saini yake: jumla inahama kwa 180. Weka kidole kwenye kona ya kwanza, andika herufi kila kona.

Kama umepima kwa protrakta na umbo lina kona inayoingia ndani kama kichwa cha mshale, hiyo kona inazidi 180 kwa ndani. Protrakta inakupa ya nje, wewe toa kwenye 360. Sheria ya jumla haivunjiki kwa sababu umbo limebonyea.

Kuna dalili ndugu yake: "nimeambiwa kila pembe ya poligoni sawa (yenye pande zote sawa na pembe zote sawa) ni 130, nimepata pande 7.2". Hesabu yako iko sawa (180 toa 130 ni 50, 360 gawa 50), poligoni ndo haipo. Pande lazima ziwe namba kamili. Mwambie aliyetunga swali.

Na idadi ya mistari ya kona kwa kona ikikujia mara mbili ya jibu, ulihesabu kila mstari kwa kila ncha yake. Pembesita: kona 6, kila moja inatoa 3, ni 18, gawa 2, ni 9.

DALILI YA 7: Pande zote sawa lakini haikubaliki kuwa poligoni sawa

Kwa sababu inataka vyote viwili, pande sawa na pembe sawa. Rombasi ina pande sawa, mstatili una pembe sawa, hakuna anayepita peke yake. Pembetatu tu ndo ukipata kimoja kingine kinakuja chenyewe, ndo maana watu wanadhani na kwingine iko hivyo.

Kama shida ni kuchora: pembesita ni rahisi kupita zote, chora duara, usibadili bikari, tembea nayo juu ya duara mara sita. Mraba, pembetano na pembenane zinachorwa kwa rula na bikari pia. Ila ya pande saba acha. Haiwezekani kuichora sawasawa kwa rula isiyo na namba na bikari, sio kwamba hujajua njia, njia haipo. Ya tisa vile vile. Mwanahisabati Gauss mwaka 1796, akiwa na miaka 18, alionyesha kwamba ya pande 17 inawezekana, na mwanahisabati mwingine, Wantzel, mwaka 1837 akathibitisha zisizowezekana kwamba kweli haziwezekani. Kwa hiyo ukiona video inakufundisha ya saba kwa bikari, ni ya kukaribia tu, kwa mapambo inatosha. Ukitaka tumia protrakta, pembe ya katikati ni 360 gawa 7, kama 51.4.

Na duara sio poligoni, nusu duara pia sio, wala mchoro usiofunga. Pande zinyooke na zifunge.

DALILI YA 8: Eneo sio sahihi

Ukipata mara mbili ya jibu, umesahau nusu (eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo). Hiyo haina hadithi.

Ukipata kubwa kidogo tu, umezidisha kwa upande ulioinama badala ya kimo. Kimo ni wima, kinasimama nyuzi 90 na kitako, na kwenye pembetatu butu kinaangukia nje kabisa ya umbo, ndo maana watu wanakikataa wanaona kama kimepotea. Refusha kitako, kiangushe huko nje, ni halali. Msambamba nao ni kitako mara kimo, sio upande mara upande.

Huna kimo? Una pande tatu? Heron wa Alexandria, karne ya 1, alishakutatulia. Jumlisha pande gawa 2, toa kila upande kwenye hiyo nusu, zidisha hiyo nusu na tofauti zote tatu, tafuta kipeuo cha pili. Pande 13, 14, 15: nusu ya mzingo 21, tofauti ni 8, 7, 6, zidisha zote 7056, kipeuo chake 84. Kama kalkuleta inasema error kwa sababu ya namba hasi ndani ya kipeuo, sio kalkuleta, rudi dalili ya 2, pembetatu yako haifungi. Jaribu 3, 4, 9 utaona.

Sasa la viwanja. "Kiwanja kina pande nne, 13, 14, 9 na 12, eneo ngapi?" Haijulikani. Sikufichi, haijulikani, pande nne hazitoshi. Fikiria pande nne za mita 10: ukisimamisha ni mraba wa mita za mraba 100, ukiulaza mpaka kona iwe 30 kimo kinabaki 5 na eneo 50, na pande ni zile zile. Kuna ule mtindo wa kuchukua wastani wa pande zinazotazamana na kuzidisha, hapo ungepata 11 mara 13, mita za mraba 143. Mtindo huo kwenye umbo lolote lisilo mstatili unazidisha, haupungui hata siku moja, na anayefurahi ni muuzaji. Pima mstari mmoja wa kona kwa kona. Tuseme umetoka 15 na unakigawa kiwanja kuwa pembetatu ya 13, 14, 15 na ya 9, 12, 15: ya kwanza 84, ya pili 54 (ni pembetatu mraba, 9 mara 12 gawa 2), jumla 138. Mita 5 za mraba zimeyeyuka.

Hesabu hii ni ya wewe kujua kama unapigwa au la. Kama kuna mauziano, mpaka wenye ugomvi, au ardhi yenye mteremko ambapo kamba imelala na kilima, weka kamba chini umwite mpima ardhi aliyesajiliwa, maana hata ukipata 138 yako sahihi kabisa, karatasi itakayotambulika ni ya kwake.